Pikipiki ya zamani inayokohoa na kuzimazima: anza kwenye tangi, malizia kwenye kabureta

Pikipiki ya zamani ikianza kukohoa, kuzima kila ukisimama au kukosa nguvu ukivuta mafuta, wengi hukimbilia kufungua kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Inasafishwa, inarudishwa, chombo kinatembea vizuri siku chache, kisha ugonjwa unarudi vilevile. Ndivyo inavyokuwa kwa sababu uchafu ulioziba jeti (vijitundu vya shaba vinavyopimia mafuta) haukuzaliwa ndani ya kabureta. Umeshuka kutoka juu: kwenye tangi lenye kutu, petroli iliyochakaa, au mpira wa mafuta unaomomonyoka kwa ndani. Fuata njia ileile yanayopita mafuta, kutoka mfuniko wa tangi hadi kwenye mdomo wa injini, na kazi hutairudia.

Maelezo haya ni ya pikipiki za kabureta, hasa za silinda moja zenye cc 50 hadi 250. Za silinda mbili au nne kanuni ni zilezile, ila zina jambo moja la ziada ambalo litatajwa mbele.

Kwanza thibitisha kwamba tatizo ni mafuta

Magonjwa mengi yanayobebeshwa kabureta ni ya umeme au ya valvu. Toa plagi uiangalie. Ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini inachoma vizuri. Nyeusi yenye masizi makavu maana yake mafuta yamezidi hewa. Nyeupe kama chaki maana yake hewa imezidi mafuta. Nyeusi inayong'aa na kuteleza ni oili inayopanda kutoka kwenye ringi au mihuri ya valvu, na hiyo hakuna kabureta itakayoiponya. Pengo la plagi mara nyingi ni kati ya milimita 0.6 na 0.9, kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Plagi mpya ni kitu cha bei ndogo, kwa hiyo ukiwa na shaka ibadilishe kabla ya kufungua chochote.

Pima pia nafasi ya valvu injini ikiwa baridi kabisa. Injini nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 0.05 na 0.15. Valvu iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa, na dalili zake zinafanana mno na za jeti iliyoziba: kuwaka kwa shida, kuzima kwenye sailensi (inaponguruma bila kuvutwa mafuta), kukosa nguvu.

Halafu fungua filta ya hewa. Ya sponji ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ikaushwe kabisa, ipakwe oili ya filta na kukamuliwa mpaka ibaki na unyevu tu wa oili. Usiioshe kwa petroli, kwa sababu petroli hulegeza gundi na kuifanya sponji ivunjikevunjike, na vipande vyake vinaingia kwenye injini. Ya karatasi ikishakuwa nyeusi haisafishiki, ibadilishwe. Na usijaribu kutibu kwa kuondoa filta kabisa: injini itapata hewa nyingi kuliko jeti zilivyopangiwa, na mchanga utakula silinda.

Inakorofisha wapi?

Hapa ndipo penye nusu ya kazi yote, na wengi huparuka. Kabureta haina njia moja ya mafuta. Ina kadhaa, na kila moja inatawala sehemu yake ya mvuto wa mafuta. Bandika kipande cha plasta kwenye mshiko wa kulia na kingine kwenye kifuniko chake, uweke alama za kufungwa, robo, nusu, robo tatu na wazi kabisa. Endesha pikipiki mahali salama, injini ikiwa imepata moto, na utazame alama ipi inalingana na ugonjwa.

Ikizima au kutetemeka kuanzia kwenye sailensi hadi kama moja ya nane ya mvuto, mkosaji ni jeti ndogo na vijia vyake. Hii ndiyo huziba kwanza na mara nyingi zaidi, maana tundu lake ni dogo kuliko nusu milimita. Kati ya robo na robo tatu inatawala sindano ndefu inayopanda na kushuka na slaidi (kizibo kinachoinuka ukivuta mafuta), pamoja na bomba lenye matundu inamoingia. Kuanzia robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa, au mafuta hayateremki kwa kasi inayotosha kutoka tangini.

Ongeza na jaribio la choki, kifaa cha kuongeza mafuta wakati wa kuwasha injini baridi. Injini ikiwa na moto, vuta choki nusu. Ikitulia na kunguruma vizuri zaidi, ilikuwa inakosa mafuta: jeti imeziba au kuna hewa inayoingia kwa wizi. Ikizidi kuzama na kutoa moshi mweusi, mafuta tayari yamezidi: floti (boya linalopima kiwango cha mafuta ndani ya kabureta) iko juu, sindano yake inavuja, choki haifungi vizuri, au filta ya hewa imeziba.

Dalili nyingine mbili zinafaa kujulikana. Ukiachia mafuta na injini ikachelewa kushuka, ikabaki juu sekunde kadhaa, hewa imezidi. Ikipiga milipuko kwenye eksozi unapoteremka mlima umeachia mafuta, mara nyingi ni jambo hilohilo, au gasketi ya eksozi inavuja.

Usalama

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya kwenye vishimo na pembe. Fanyia kazi nje au mahali penye upepo, injini ikiwa imepoa, waya hasi wa betri umetolewa, na hakuna sigara, jiko wala mashine ya kukatia chuma jirani. Vaa miwani unapopuliza dawa ya kusafishia kabureta: ukipulizia tundu moja, dawa hurudi kupitia tundu lingine moja kwa moja machoni. Kizimamoto cha unga kiwe karibu. Petroli uliyoitoa ihifadhiwe kwenye chombo cha chuma chenye mfuniko, isimwagwe ardhini wala kwenye mfereji.

Petroli yenyewe

Chini ya bakuli la kabureta, sehemu ya chini inayohifadhi mafuta, kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya kioo chini yake, fungua koki (bomba la kufungulia mafuta chini ya tangi), legeza skrubu, kusanya mililita 100 hivi. Acha nusu saa kisha itazame kwenye mwanga. Maji hukaa chini kama matone yanayoviringika, na mpaka kati yake na petroli unaonekana wazi. Kutu huonekana kama vumbi la kahawia. Petroli nzuri ni angavu na harufu yake ni kali; iliyochakaa hupiga harufu chachu kama ya vanishi na rangi yake imekolea.

Petroli huchakaa kwa sababu sehemu zake nyepesi, zile zinazowaka kirahisi, huruka kwanza, na kinachobaki hugeuka polepole kuwa gundi. Ndani ya bakuli la kabureta, ambamo mna mafuta kidogo na tundu la kupumulia, wiki chache zinatosha. Petroli yenye ethanoli ina tatizo la ziada, kwani ethanoli hufyonza unyevu, na ukizidi kiasi, maji na ethanoli hujitenga pamoja na kuzama chini ya tangi, palepale koki inaponyonyea.

Ukiona maji au harufu hiyo, mwaga yote. Kuchanganya petroli mbovu na mpya hakuokoi chochote.

Mfuniko na tangi

Mfuniko una tundu dogo la kuingiza hewa. Likiziba, kila tone linalotoka linaacha ombwe nyuma yake, mpaka mafuta yanakataa kushuka. Pikipiki inatembea vizuri kilomita kadhaa, inaishiwa nguvu, inazima. Ukingoja kidogo inawaka tena. Siku ikifanya hivyo fungua mfuniko hapohapo: ukisikia hewa ikifyonzwa kwa mlio, umepata jibu. Safisha tundu hilo kwa hewa ya kompresa.

Mulika ndani ya tangi kwa tochi isiyotoa cheche. Rangi ya chungwa kidogo kwenye mshono wa juu ni ya kawaida kwa tangi la zamani. Magamba yanayotoka ukigusa si ya kawaida, na hapo lazima lioshwe:

1. Mwaga petroli, toa koki na geji ya mafuta, kisha osha tangi kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mara tatu au zaidi mpaka harufu ya petroli iishe.
2. Ziba tundu la koki kwa kibamba cha chuma na gasketi ya mpira. Usitumie koki yenyewe, maana asidi itaila.
3. Kama kuna magamba mazito, tia nati ndogo ishirini pamoja na maji kidogo, utikise tangi pande zote kwa dakika kumi. Zihesabu kabla ya kuziingiza na baada ya kuzitoa.
4. Jaza siki nyeupe mpaka juu kabisa, au maji ya uvuguvugu yenye asidi ya sitriki gramu 50 hadi 100 kwa kila lita. Lazima lijae, kwa sababu kutu mbaya zaidi huwa kwenye dari ya tangi, mahali ambapo petroli haifiki. Funika rangi ya nje kwa plastiki na ufute kila tone linalomwagika.
5. Acha saa 24. Siki kwenye kutu nzito inaweza kuhitaji siku mbili au tatu. Chungulia kila baada ya saa kadhaa. Chuma kikishakuwa cha kijivu, acha.
6. Mwaga, suuza, kisha jaza maji yenye bikabonati ya soda, vijiko viwili vya chakula kwa lita, ili kuua asidi iliyobaki. Suuza tena.
7. Kausha papo hapo kwa hewa ya kompresa au mashine ya kukaushia nywele. Chuma kilichosafishwa hivi hushika kutu mpya ndani ya dakika, kwa hiyo kikikauka tu tia kikombe kimoja cha petroli kilichochanganywa na kijiko cha oili, uzungushe ipake kila upande, kisha umwage.

Asidi ya betri isiguswe kwa kazi hii. Inakula chuma kizima sawa na kutu, na tangi jembamba la zamani hubaki na vitundu. Rangi za kupaka ndani ya tangi ziwe suluhisho la mwisho kabisa, kwa tangi lenye vitundu visivyoweza kuchomelewa; zikibanduka baadaye, vipande vyake ni vibaya kuliko kutu.

Koki na mpira wa mafuta

Koki ya kawaida ina mabomba mawili ndani ya tangi. La kwanza ni refu na hutumika kwenye nafasi ya kawaida. La pili linanyonya sakafuni na ndilo la akiba. Ndiyo maana pikipiki nyingine huanza kukohoa dakika chache tu baada ya kugeuza koki kwenye akiba: imefyonza maji na kutu vilivyokuwa vimetulia chini. Toa chujio la koki, lioshe kwa brashi laini, na likichanika libadilishwe. Badilisha na oringi (pete ya mpira ya kuziba) yake, kwa sababu oringi ya zamani ikishakandamizwa mara moja mara nyingi haizibi tena.

Sasa pima mtiririko. Chomoa mpira upande wa kabureta, uelekeze kwenye chupa yenye vipimo, fungua koki kwa dakika moja. Mkondo uwe mmoja usiokatika. Kwa injini ya cc 125, mililita 200 kwa dakika ni nyingi kuliko inavyoweza kutumia hata ikivutwa hadi mwisho. Mkondo ukianza vizuri kisha ukapungua, rudi kwenye mfuniko. Ukiwa mdogo tangu mwanzo, ni chujio au koki.

Koki nyingine haina nafasi ya kufunga. Hufunguliwa na mvuto wa injini kupitia mpira mwembamba. Chomoa mpira huo mwembamba: ukikuta una petroli ndani, dayaframu (utando mwembamba wa mpira) ya koki imetoboka na injini inanyweshwa mafuta kwa njia ya nyuma. Hapo kusafisha kabureta hakutasaidia. Angalia pia oili ya injini. Ikinukia petroli au ikiwa imepanda juu ya alama, imwage kabla ya kuwasha injini.

Mpira wa mafuta ukiwa mgumu, una nyufa au unaacha weusi kidoleni, badilisha. Kipenyo cha ndani mara nyingi ni milimita 5 au 6. Uukate kwa urefu unaoshuka moja kwa moja bila mpindo na bila kupanda juu popote, kwani mahali palipoinuka hukamata hewa. Ukiongeza filta ya njiani, chagua ya mteremko, si ile ya magari yenye pampu, ambayo upinzani wake ni mkubwa mno kwa mafuta yanayoshuka kwa uzito wake tu.

Kabureta

Piga picha za kila mpira na kila waya kabla ya kugusa kitu. Funga koki, mwaga bakuli, legeza klampu za mbele na nyuma, toa kabureta, kisha fungua mfuniko wa juu utoe slaidi pamoja na waya wake.

Skrubu za msalaba za pikipiki za Kijapani zina umbo lake. Bisibisi ya msalaba ya kawaida huruka juu ya kichwa na kukila. Tumia ya kiwango cha Kijapani, ikandamize kwa nguvu, na skrubu iliyokwama igongwe kidogo kwa nyundo kupitia bisibisi kabla ya kuizungusha.

Fungua bakuli. Rangi ya kijani au nyeupe ni ulikaji wa maji, na ya kahawia inayonata ni gundi ya petroli. Pini ya floti isukumwe taratibu kwa kitu chembamba, upande usio na kichwa. Nguzo mbili zinazoishika ni za alumini dhaifu, na zikivunjika kabureta nzima imekwenda. Isipotoka, iloweshe dawa usiku kucha kuliko kuigonga.

Pamoja na floti itatoka sindano yake. Iweke kwenye mwanga uzungushe ncha. Ikiwa na mstari uliochimbika kuizunguka, haizibi tena. Mstari huo unaonekana kama uzi mwembamba tu, lakini unatosha kuipitisha petroli usiku kucha. Badilisha sindano, na kiti chake kama kinatoka. Kisipotoka, kisugue kwa pamba iliyofungwa kwenye kijiti na dawa ya kung'arishia chuma, kisha osha. Floti ya plastiki itikise: ukisikia mafuta ndani, imetoboka. Ya shaba izamishe kwenye maji ya moto utazame mapovu.

Jeti ni za shaba laini. Bisibisi ijaze mfereji wote wa kichwa cha jeti, siyo nusu. Toa jeti kubwa, bomba lenye matundu lililo nyuma yake, kisha jeti ndogo iliyojificha kwenye shimo jirani. Andika namba zilizochongwa juu yake uzilinganishe na kitabu. Kwenye pikipiki ya zamani si ajabu kukuta jeti ambayo si yake.

Skrubu ya mchanganyiko, ile inayopima mafuta au hewa ya sailensi, inahitaji subira. Kabla ya kuitoa, ikaze polepole ukihesabu mizunguko mpaka iguse chini, uandike hesabu, mfano moja na nusu. Iguse tu. Ncha yake ni nyembamba na ukikaza kwa nguvu inakatikia ndani ya tundu. Kisha itoe yote: kwa kawaida skrubu, springi, washa ndogo na oringi, kwa mpangilio huo. Oringi hupenda kubaki ndani ya shimo. Ivue kwa kijiti chenye ncha butu kabla hujapuliza hewa, la sivyo utaitafuta sakafuni na hutaiona.

Sasa jeti ndogo. Inyanyue kuelekea angani uchungulie. Unachotaka kuona ni duara kamili la mwanga, lenye ukingo mkali. Ukiona nusu duara, au mwanga hafifu wenye ukungu wa njano, bado ina gundi, hata kama dawa inapita. Wengi hukosea hapahapa: hewa inapita, wanaridhika, kumbe tundu limebaki na theluthi mbili ya upana wake. Loweka kwenye dawa saa kadhaa, kisha pitisha uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya laini wa umeme, au unywele wa brashi ya nailoni. Waya wa chuma, sindano ya kushonea na uzi wa gitaa hukwangua shaba na kupanua tundu, na jeti iliyopanuka haipunguziki.

Kabla ya kusafisha mwili wa kabureta, toa vyote vya mpira na plastiki. Dawa kali huvimbisha oringi na dayaframu. Pulizia kila kijia ukitazama dawa inatokea wapi. Kijia cha jeti ndogo kitoe dawa kwenye vitundu viwili hadi vinne vidogo sana vilivyo sakafuni mwa koo (njia kubwa inamopita hewa), karibu na slaidi, na kwenye tundu la hewa mdomoni. Dawa isipotokea mojawapo, rudia mpaka itokee. Malizia kwa hewa ya kompresa. Mwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti atumie maji ya nyuzi 50 hadi 60 na sabuni, dakika kumi na tano kwa awamu, lakini bado atachungulia kila tundu mwenyewe.

Kwenye kabureta ya dayaframu, nyanyua dayaframu kwenye mwanga na uivute kidogo kutafuta vitundu. Kitundu kimoja kinatosha kuifanya slaidi isipande vizuri, na pikipiki inakataa kuzidi nusu mvuto.

Kuunganisha na kupima floti

Klipu ya sindano ndefu irudi kwenye mfereji uleule. Ikishushwa mfereji mmoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka katikati ya mvuto, ikipandishwa, yanapungua.

Urefu wa floti hupimwa bila gasketi, kabureta ikiwa imeinamishwa mpaka ulimi wa floti uguse sindano bila kuibonyeza springi yake. Pima kutoka uso wa kabureta unaokaliwa na bakuli hadi ukingo wa mbali wa floti, ulinganishe na kitabu. Milimita moja inabadilisha tabia ya injini. Rekebisha kwa kukunja ulimi mdogo wa chuma kidogo sana. Floti za plastiki zisizo na ulimi hazikunjwi. Kwa hizo, tofauti ya kipimo maana yake sindano au kiti kimechakaa.

Kwa uhakika zaidi, chomeka mpira mwangavu kwenye tundu la kumwagia, uinue pembeni ya bakuli, fungua koki na skrubu. Mafuta kwenye mpira yataonyesha kiwango halisi cha ndani. Yakipanda juu ya mshono wa bakuli na kuendelea, sindano haizibi.

Gasketi iwe mpya. Usipake silikoni kwenye bakuli: petroli huilainisha, na nyuzi zake huishia ndani ya jeti uliyotoka kuisafisha.

Kagua mpira wa manifoldi, unaounganisha kabureta na injini, kwa kuukunja kwa mkono. Nyufa za juujuu hazina shida, zinazofunguka hadi ndani zina shida. Baada ya kuwasha, nyunyizia maji kwa chupa ya dawa kuuzunguka. Mlio wa injini ukibadilika, hewa inaingia hapo.

Kurekebisha sailensi

Waya wa mafuta uwe na ulegevu wa milimita 2 hadi 6 mkononi. Rudisha skrubu ya mchanganyiko kwenye hesabu uliyoiandika, washa injini, iache ipate moto kwa dakika kumi. Weka sailensi kama mizunguko 1,400 kwa dakika, kiasi ambacho injini nyingi ndogo hukitaka. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo, ukingoja sekunde kumi kila mara, mpaka upate mlio wa juu na uliotulia kuliko wote. Punguza sailensi, rudia mara moja.

Skrubu iliyo upande wa injini hupima mafuta: ukiifungua, mafuta yanaongezeka. Iliyo upande wa filta hupima hewa, na ukiifungua mafuta yanapungua. Mlio mzuri ukipatikana chini ya nusu mzunguko, au zaidi ya mitatu, jeti ndogo si ya kipimo sahihi, bado chafu, au hewa inavuja. Geuza usukani kushoto na kulia injini ikiwaka. Mlio ukipanda, waya umebana na lazima upitishwe upya.

Kwa pikipiki ya kabureta mbili au nne, zisitenganishwe bila lazima. Baada ya kusafishwa zisawazishwe kwa geji za ombwe, kwani kabureta safi zisizovuta sawa hutetemesha injini kama chafu tu.

Ikiwa baada ya yote haya bado inakatakata, na mafuta yanateremka, jeti ni duara kamili na hakuna hewa ya wizi, acha kabureta. Pima mgandamizo wa silinda, koili ikiwa na moto, na kofia ya plagi. Koili inayokufa hufanya kazi vizuri ikiwa baridi na kuzima ikipata joto.

Ukijua pikipiki itakaa zaidi ya mwezi, jaza tangi ili pasiwe na nafasi ya unyevu kuganda kwenye dari, funga koki, acha injini iwake mpaka izime yenyewe, kisha legeza skrubu ya bakuli na kukinga mililita chache zilizobaki.